Mabilioni ya kuwafanya polisi wawe wa kisasa: kwa nini hayafiki kaunta ya kituo?

Cherehani_Tatu

Salamu kwenu nyote. Uzi huu ni mrefu, mnivumilie, maana jambo lenyewe limenikaa kifuani karibu mwaka mzima.

Kila bajeti ikisomwa mimi huikazia sikio sehemu ya usalama, kwa sababu ni mtu niliyeibiwa. Nasikia magari. Nasikia kamera. Nasikia droni. Nangoja kusikia habari za kaunta ya kituo cha polisi, pale ambapo mwananchi anaanzia, na hazitajwi.

Niwaeleze lililonipata. Nina kiduka cha ushonaji Mombasa. Usiku mmoja walivunja kufuli wakabeba vyerehani vitatu, viwili vya kawaida na kimoja cha ovaloki ambacho nilikuwa sijamaliza kukilipia. Alfajiri nikakimbia kituoni, kituo chenyewe sitakitaja. Konstebo wa zamu alikuwa kijana mpole, hana ubaya wowote. Akafungua lile daftari kubwa la OB, yaani Occurrence Book, la kuandikia matukio ya kituo, mgongo umechanika umebanwa kwa utepe wa gundi, akaandika kwa kalamu yangu kwa sababu ya kwake ilikuwa imeisha wino. Namba ya OB akanipa kwenye kipande cha karatasi alichokichana pembeni mwa gazeti. Kisha akanituma dukani nikanunue fulskapu za kuandikia taarifa yangu.

Nikamuuliza kama kuna askari wa kuja kuuona mlango kabla watu hawajaushikashika. Gari lipo, akasema. Na kweli lilikuwepo nje, jipya, limeegeshwa chini ya mwarobaini. Kilichokosekana ni mafuta. "Mama, ukiweza kutia ya elfu moja, tunaenda sasa hivi."

Nikatia. Akaja askari mmoja, akautazama mlango, akapiga picha mbili kwa simu yake mwenyewe, akasema pole. Hakuwa na unga wa kuchukulia alama za vidole wala glavu. Wiki mbili baadaye nikarudi kuulizia. Yule konstebo amehamishwa. Daftari limejaa, limepelekwa stoo, wameanza jingine. Mpelelezi aliyepewa faili yangu hakuna aliyemjua.

Sasa nitazame pesa ziliko. Mwaka 2013 serikali ilianza kukodi magari ya polisi badala ya kuyanunua. Mwaka 2014 ikaingia mkataba na Safaricom wa shilingi bilioni 14.9, kamera 1,800 za Nairobi na Mombasa pamoja na mawasiliano. Mwaka 2018 sare mpya za buluu. Juni 2022 maabara ya kisayansi ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai, ikafunguliwa Kiambu Road, Nairobi. Sisemi pesa hizi zililiwa, na sisemi vitu hivi havina kazi. Ninachosema ni kwamba mimi mwenye duka nilikutana na polisi mahali pamoja tu, kwenye kaunta, na pale kaunta nilikuta mambo ya enzi ya babu yangu.

Ningekuwa na uwezo, shilingi ya kwanza ingeenda pale. Nyinyi mngeanzia wapi?

---

Sajenti_Mstaafu

Mama Cherehani, pole sana. Nimeitumikia kaunta hiyo miaka mingi, nusu yake huku Isiolo na Kitui, na kila ulichoandika nakitambua.

Kwanza wenzetu waielewe OB, maana wengi wanaiona daftari tu. OB ndiyo kumbukumbu ya kituo. Askari akiingia zamu, inaandikwa. Mahabusu wakihesabiwa, inaandikwa. Bunduki ikitoka ghalani, mtoto akipotea, mume akipiga mke, yote humo. Kila siku namba zinaanza upya kwenye moja, ndiyo maana namba yako ina namba ya taarifa kisha tarehe. Ukiipoteza tarehe umepotea, kwa sababu hakuna njia ya kutafuta kwa jina. Unafungua ukurasa baada ya ukurasa. Nimewahi kutafuta taarifa moja kuanzia saa mbili asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, na mwenyewe amesimama mbele yangu na mtoto mgongoni.

Lakini kuhusu magari nitakupinga kidogo. Kabla ya kukodi, tulikuwa na Land Rover tatu kituoni na zote juu ya mawe. Kipuri kimoja kilingoja barua ziende makao makuu zirudi. Magari ya kukodi yanatengenezwa na mwenye gari, likiharibika unapewa jingine. Hayo ni maendeleo, mnyonge mnyongeni haki yake mpeni. Kosa lilikuwa kwamba gari lilipewa bajeti yake na mafuta yakaachwa kwenye bajeti nyingine, tena mgao hauangalii kituo kina eneo la ukubwa gani. Kituo cha mjini na kituo cha kilomita mia za vumbi wanapata mgao unaokaribiana. Ikifika tarehe ishirini OCS, mkuu wa kituo, anaanza kuhesabu lita.

Na hiyo "tia ya elfu moja" ndiyo sumu kubwa. Leo ametia mwenye kuibiwa. Kesho atatia mshtakiwa, na gari litaenda upande wa aliyetia. Nimeona kwa macho yangu.

Maabara nayo, nimefurahi imejengwa. Ila nikuulize, sampuli inafikaje Kiambu Road? Zamani nikiwa Kitui nilibeba damu ya marehemu kwa basi la abiria, kwenye bahasha ya kaki, nimeikumbatia safari nzima nikiogopa ikipata joto. Nilipofika niliambiwa nimechelewa, rudi kesho. Nililala kwa shemeji, bahasha chini ya kitanda. Siku ya kesi wakili alinibana swali moja tu: usiku ule kielelezo kilikuwa mikononi mwa nani? Kesi ikaishia hapo. Maabara bila kisanduku cha barafu kituoni na bila mtu wa kusafirisha ni nusu ya kazi.

---

Binti_wa_Suguta

Nimesoma na nimeumia kwa ajili ya vyerehani vyako, dada. Ila ruhusu sauti ya kaskazini.

Mimi ni wa Samburu. Novemba 2012, katika bonde la Suguta karibu na Baragoi, askari zaidi ya 40 waliuawa kwa siku moja wakifuata mifugo iliyoibwa. Wengi wao walikuwa vijana waliotoka mafunzoni karibuni, hawajui hata bonde linapindia wapi. Niliona helikopta zikibeba miili. Miaka miwili baadaye ikawa Kapedo, askari wengine wakauawa. Februari 2023 serikali ikatangaza operesheni nyingine ya kupambana na majangili wa Bonde la Ufa kaskazini, na askari waliendelea kupoteza maisha.

Huku kwetu gari lenye kinga ya risasi si anasa. Redio inayofika nyuma ya mlima si anasa. Askari anapanda gari la kawaida, anapita njia moja ile ile kwa sababu hakuna nyingine, na majangili wanaijua. Mandera na Lamu wenzao wanakanyaga mabomu ya kutegwa barabarani. Ukisema shilingi ya kwanza iende kaunta, mimi naona sura za wale vijana.

Tena huku kituo chenyewe ni bati mbili na mti. Kaunta haipo kabisa.

---

Cherehani_Tatu

Binti, nimekusoma mara tatu. Sina la kukupinga. Niliandika nikiwa na Mombasa kichwani, kana kwamba Kenya yote ni jiji lenye lami. Mzazi wa askari aliyekufa Suguta hawezi kuelezwa habari za fulskapu.

Basi niseme hivi: kila eneo liulizwe. Baragoi waseme gari la kinga na redio. Sisi tuseme OB, mafuta na wapelelezi. Kinachoniuma ni kwamba hatuulizwi, sisi wala nyinyi. Vitu vinanunuliwa Nairobi vikiwa vya aina moja kwa wote, ndipo vinagawanywa.

---

Waya_na_Kamera

Mimi ni fundi wa kufunga kamera, nimefanya kazi kwenye benki, maghala na majengo ya serikali. Nitasema la kamera kwa sababu watu wanazungumza kana kwamba kamera ni mlinzi. Kamera ni macho tu.

Fikirini njia ya picha. Inatoka kwenye lenzi, inapita kwenye waya, inaingia kwenye mashine ya kurekodi yenye diski ndani. Mara nyingi mashine hiyo iko chumba cha pili, jengo lile lile. Swali langu la kwanza kwa mteja huwa ni hili: nani ana ufunguo wa chumba hicho, na nani ana neno la siri? Kwenye benki meneja wa tawi hana. Picha zinakwenda makao makuu papo hapo. Kwa nini? Kwa sababu meneja naye ni mmoja wa wanaoangaliwa.

Sasa kumbukeni Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alivyofia mikononi mwa polisi katika Kituo Kikuu cha Nairobi. Kwanza tukaambiwa alijigonga ukutani. Wapasuaji wakasema majeraha hayaonyeshi hivyo. IPOA, mamlaka huru inayowachunguza polisi, ikaenda mbele ya Seneti ikaeleza kwamba mfumo wa kamera za kituo ulikuwa umechezewa. Kituo kile kilikuwa na kamera! Kiko katikati ya mji mkuu, mwendo wa dakika chache kutoka Jogoo House ambako kuna kituo cha kuongozea kamera za jiji zima. Nililia siku ile, na mimi si mtu wa kulia, kwa sababu nilijua ni kazi ya dakika ngapi. Fundi mmoja na bisibisi.

Kwa hiyo zabuni yoyote ya kamera za vituo ningeiwekea sharti moja. Picha ya kaunta, ya korido ya seli na ya mlango wa nyuma itoke kituoni sekunde ile ile inaporekodiwa, nakala ikae mahali ambapo OCS hana mkono, na IPOA waweze kuifungua bila kuomba ruhusa kwa wanaochunguzwa. Waya wake si ghali. Gharama ni kwamba wakubwa wakubali kuangaliwa.

Na kamera za kifuani ni hivyo hivyo. Washington, mji mkuu wa Marekani, walizijaribu kwa askari zaidi ya 2,000, utafiti ukatoka 2017: waliovaa na wasiovaa hawakutofautiana kwa jambo la maana katika kutumia nguvu. Kifaa chenyewe hakimbadilishi askari. Kinachombadilisha ni kujua kuna mtu atakayeitazama picha na atachukua hatua.

---

Wakili_wa_Jioni

Fundi umenena. Niongeze la sheria kwa ufupi, kisha la OB.

Ibara ya 49 ya Katiba inasema aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Sasa saa zinaanza kuhesabiwa lini? Kisheria ni tangu kukamatwa, lakini kwa vitendo ni zinapoandikwa kwenye OB. Nimesimama kwenye kaunta saa nne usiku nikitafuta mteja, nikaambiwa hayumo, nami namsikia sauti yake ndani. Asubuhi anaandikwa kwamba kaingia saa kumi na mbili. Karatasi inakubali saa yoyote utakayoipa. Hata mistari mitatu ikiachwa wazi chini ya ukurasa, itajazwa baadaye na hakuna atakayejua.

OB ya kidijitali imezungumzwa miaka nenda miaka rudi. Wengi wanaidhani ni ya kupunguza foleni. Faida yake kubwa kwangu ni saa: mashine inaandika saa yenyewe, na mstari ukishaingia haufutiki bila kuacha alama. Kwa mahabusu huo ni uhai.

Mnakumbuka wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wao Joseph Muiruri, Juni 2016. Walitoka kortini Mavoko, wakashikiliwa kwenye kambi ya polisi wa utawala Syokimau, wakauawa. Ilichukua mpaka Julai 2022 Jaji Jessie Lessit kuwatia hatiani maafisa watatu na mtoa habari wao. Kesi ile ilijengwa kwa data ya simu na ushahidi wa kisayansi, kazi ya wapelelezi wavumilivu waliowachunguza polisi wenzao. Hivyo uwezo upo. Nchi hii ikiamua kuwekeza kwa mpelelezi, ukweli unatoka. Lakini faili za kawaida, kama za vyerehani, mpelelezi mmoja anazo mezani mpaka hazihesabiki.

Mfano mwingine, mzuri. Cheti cha tabia njema. Zamani ulipanga foleni Kiambu Road tangu usiku. Leo unaomba kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unalipa 1,050, unapiga alama za vidole, unasubiri ujumbe. Watu wengi wameacha kutoa kitu kidogo pale kwa sababu hakuna tena wa kumpa. Walichofanya ni kuifuata safari ya mwananchi hatua kwa hatua na kuzifuta zile hatua za kuombwa. Hakuna aliyenunua gari hata moja.

---

Nyota_Kisumu

Mimi siwezi kuwa mpole kama nyinyi. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa baada ya uchaguzi wa 2007, na 405 kati yao walikufa kwa risasi. Jaji mstaafu Ransley akaandika ripoti ya mageuzi ya polisi 2009. Katiba mpya 2010, sheria ya polisi na ya IPOA 2011. Maraga, Jaji Mkuu mstaafu, naye akakabidhi ripoti yake ya mageuzi ya polisi Novemba 2023. Na Juni 2024 vijana walipigwa risasi Nairobi mbele ya Bunge, mchana, kamera zote zikitazama.

Kwa nini nimwongezee pesa mtu anayenipiga risasi? Kwanza wahusika wafungwe, ndipo tuzungumze habari za kompyuta.

---

Sajenti_Mstaafu

Kijana, sitakuambia unyamaze. Mtoto wa dada yangu alikuwa kwenye maandamano yale, na mimi nilikaa na simu mkononi mpaka usiku.

Nikuambie tu ninachokijua kutoka ndani. Nililala kambini, chumba kimoja familia mbili, katikati pazia. Mwenzangu akigombana na mkewe, mimi na watoto wangu tunajifanya tumelala. Ransley aliandika habari za makazi hayo, Maraga akarudi akayakuta. Mwaka 2018 wakasema basi askari wachukue posho ya nyumba wakaishi na raia, na wengi wakaishia vyumba vya mabanda wanavyoishi na wale wale wanaotakiwa kuwakamata. Sitoi udhuru kwa aliyefyatua risasi, huyo afikishwe kortini. Ila askari aliyelala macho wazi, aliyepewa bunduki na kirungu tu na hakupewa mafunzo ya kutuliza umati wala mkubwa anayewajibika, huyo serikali imemwekezea risasi. Nacho ndicho kitakachotoka.

Ningependa pesa ya IPOA ipande pamoja na pesa ya polisi. Kila bilioni inayoingia huku, sehemu yake iende kule. Askari wazuri hatuogopi kuchunguzwa. Wakati wangu aliyekuwa akitudhalilisha ni yule mmoja tuliyemjua sote, na ambaye hakuna ofisi iliyomgusa.

---

Nyota_Kisumu

Hilo la pesa kupanda pamoja nalikubali, mzee. La kwanza linabaki kwangu la kwanza. Ila nimekusikia.

---

Binti_wa_Suguta

Sajenti, hiyo ya mafunzo ndiyo ya wale wa Suguta pia. Walipewa magari. Hawakupewa mtu wa kuwaambia bonde lile haliingiwi alfajiri kwa njia ya chini. Wazee wa kwetu wangewaambia, kama kungekuwa na mtu wa kuwauliza.

---

Cherehani_Tatu

Nimerudi. Sikukusudia kuandika tena, lakini jana limetokea jambo na wa kwanza kuwaeleza ni nyinyi.

Fundi mmoja anayenitengenezea mashine alinipigia. Alikuwa kituo kingine cha jiji hili hili, matatu moja tu kutoka dukani kwangu, kamdhamini ndugu yake. Akiwa anangoja, akaona mlango wa stoo ya vielelezo uko wazi, na chini, kati ya baiskeli na magunia, akaona ovaloki yenye kiraka cha kitambaa cha maua kwenye kanyagio. Kiraka kile nilikishona mimi, kwa sababu kanyagio lilikuwa likinikwaruza mguu.

Nikaenda mbio. Ni yangu. Namba ya mashine inalingana na risiti. Waliikamata kwa kijana mmoja mwezi mmoja baada ya wizi, wakaiandika kwenye OB yao, wakaiweka stoo ingoje mwenyewe. Imekaa miezi saba. Muda wote huo mimi nilikuwa nikilipa mkopo wake na kushona kwa mashine ya kuazima, na kituo changu kilikuwa na taarifa ya mali iliyopotea, na kituo chao kilikuwa na mali isiyo na mwenyewe. Hakuna aliyekosea. Daftari hili halijui kilichoandikwa kwenye daftari lile.

Askari wa kule alikuwa mwema, akaniletea kiti. Akasema nitaipata, ila nilete barua kutoka kituo changu inayoonyesha namba yangu ya OB. Kile kipande cha gazeti ninacho bado, nilikihifadhi ndani ya Msahafu. Nimepita kituoni kwangu jioni. Wamenitolea madaftari manne ya zamani, yana vumbi, na konstebo wa leo, binti mdogo, ameanza kufunua kurasa. Kaniambia nirudi kesho saa tatu. Nimemwachia kalamu yangu.